Sanduku Lenye Jicho

Nilijua Sahra atakuja matangani kwa Eedo Kaha, na bado nilikwenda. Nilivaa buibui langu la heshima, nikapanda tuktuk, na nikamwambia dereva anishushe kabla ya kona ili nitembee kidogo na kujipa moyo. Eedo ni shangazi kwa Kisomali, na marehemu alikuwa shangazi wa mtaa mzima, awe ana damu nao au hana. Chumba cha wanawake kilijaa mikeka, matakia, chupa za chai, watoto wa kunyonya na simu. Simu zilikuwa kila mahali, mapajani, mikononi, zikichaji ukutani. Wasichana wawili walikuwa wakipigana picha huku wanakula tende, msibani, na hakuna aliyewakemea. Macho yangu yalikwenda kwenye mikono yao kabla ya nyuso zao. Ndivyo nilivyo: nikiingia chumba chenye wanawake, nahesabu simu kwanza, halafu ndipo natoa salamu. Watu hudhani ni kwa sababu mimi ni fundi wa simu, natafuta wateja. Sivyo. Tabia hiyo niliipata katika mwaka mmoja tu, nikiwa na miaka ishirini na mitano, na mtu anayejua nilivyoipata ni Sahra.

Habari za wazazi na utoto wangu naziacha Masalani, kando ya mto Tana, zilipo. Mwaka ule nilifika Garissa na cheti cha ufundi, bisibisi sita, na imani kwamba mji mkubwa hauwezi kukosa redio zilizoharibika. Redio zilizoharibika zilikuwepo tele. Kila fundi niliyemwendea sokoni alinikaribisha chai, akanisifu kwa kusoma, akanionyesha mlango. Sahra alikuwa jirani yangu kwenye ploti ya vyumba vya kupanga, kisha tukaamua kukaa chumba kimoja. Alikuwa mzaliwa wa Diff, kule mpakani, mrefu, mcheshi, mwenye ulimi wa kumwuzia mtu maji ya mvua. Chumba chetu kilikuwa na vitanda viwili, pazia la maua katikati, jiko la mkaa mlangoni, na mitungi ya maji tuliyoletewa na mkokoteni wa punda. Mchana jua lilipiga mabati mpaka yakawa yanalia tik, tik. Asubuhi tulikula anjera na chai ya maziwa ya ngamia kutoka sahani moja, na yeye alinicheka kila nilipojaribu Kisomali changu. "Wacha, Habiba," alisema, "wewe ukisema 'karibu' kwa Kisomali, mgeni anatoroka." Kwa hiyo baina yetu tulizungumza Kiswahili tu. Kisomali nilikielewa zaidi ya nilivyoweza kukitamka, na hilo sikumwambia mtu. Mgeni mjini ana haki ya kuficha kitu kimoja.

Mali ya Sahra ilikuwa redio ya sidii yenye spika mbili, kila moja ukubwa wa kopo la maziwa ya unga. Kwa redio hiyo tuliitwa kwenye sherehe za harusi. Mwanamume hawezi kupiga muziki kwenye sherehe ya wanawake. Alasiri wanawake wakishaingia ndani, mlango hufungwa, hijabu huvuliwa, nywele hufunguliwa, na buraanbur huanza, yale mashairi ya wanawake ambayo mmoja hughani na wengine huitikia kwa makofi na ngoma. Mpiga ngoma wa mtaa alikuwa ameshikwa na ugonjwa wa viungo, kwa hiyo ngoma ilitoka kwenye simu ya Sahra, ikapita kwenye redio, ikafika kwa wachezaji ikiwa imechoka. Mghani mkuu alikuwa Eedo Kaha. Siku moja alikatiza shairi lake katikati, akaja mpaka tulipoketi.

"Hii ngoma yenu iko wabi?" aliuliza, kwa ile p ya Kisomali inayotoka kama b. "Mimi nasikia kuku anadonoa bati."

Sahra aliinamisha kichwa. Mimi nikasema, "Eedo, ngoma ipo. Ni hizi spika, ndogo mno, haziwezi kutoa mlio mzito. Tunahitaji sabufa."

"Sa-bu-fa," alirudia, akinitazama kwa jicho la pembeni. "Hiyo ni dawa ama ni mtu?"

Sabufa mpya hatukuiweza. Lakini karibu na soko la mbuzi palikuwa na duka la vitu vilivyotumika, na humo tulikuta moja, sanduku jeusi la kufika gotini, kitambaa cha mbele kimetoboka, kwa bei ya mbuzi jike mmoja. Muuzaji alikuwa na haraka, na haraka ya muuzaji huwa inanipa wasiwasi. Nilimwambia sinunui mbuzi kwenye gunia. Nikaondoa kitambaa, nikabonyeza koni kwa vidole vinne, pole pole, nikisikiliza kama inakwaruza ndani. Haikukwaruza, basi koili ilikuwa nzima. Nikaingiza pua kwenye tundu la nyuma nikanusa amplifaya yake. Hakukuwa na harufu ya kuungua. "Huyu ni fundi ama ni daktari?" muuzaji alimwuliza Sahra. Sahra akamjibu kwamba mimi ni askari wa forodha, na tukatoka tukicheka, tumelibeba kwa pamoja kama jeneza.

Kuliunganisha ndiyo ilikuwa kazi. Redio ya Sahra ilikuwa ya kawaida kabisa, haina tundu la sabufa. Bahati nzuri, nyuma ya sanduku kulikuwa na vibanio vya waya za spika. Nilichomoa waya kwenye redio, nikazipitisha kwanza kwenye sabufa, kisha kutoka hapo zikaenda kwenye spika ndogo, na kwa kitufe cha kuzungusha nikaliachia sanduku mlio mzito peke yake. Tukawasha. Ajabu, mlio mzito ulipungua badala ya kuongezeka. Sahra alinitazama, akiomboleza mbuzi wetu. Niliketi chini nikafuata waya kwa kidole mpaka nikaona kosa langu: upande wa sabufa nilikuwa nimepishanisha nyekundu na nyeusi. Koni kubwa ilikuwa ikirudi nyuma wakati zile ndogo zinakwenda mbele, na zote zikawa zinafutana. Nikageuza waya mbili. Mabati yakatetemeka, kikombe kikatembea juu ya stuli, na Sahra akapiga kigelegele. Mzee wa chumba cha tatu akaja kugonga mlango akiuliza tunasaga nini humu ndani, na hakuridhika na jibu letu. Tangu siku hiyo aliupita mlango wetu akiwa ameinamisha sikio.

Kuna mambo mafundi huyafanya ambayo mtu asiyejua akiyaona lazima atie shaka. Sabufa haiwekwi popote. Ukiwa huna vipimo vya bei ghali, unaiweka kwanza pale watakapokaa wasikilizaji, unawasha ngoma, halafu wewe unatambaa kando ya kuta, sikio chini, mpaka ufike mahali ambapo mlio ni imara, hauvumi wala haupotei. Hapo ndipo unaihamishia. Kwa hiyo kabla ya sherehe ya kwanza nilizunguka ukumbi wa nyumba ya bibi harusi kwa magoti na viganja, nikisimama, nikisikiliza, nikirudi nyuma. Wanawake watatu waliokuwa wakifukiza uunsi, ubani wa Kisomali, waliacha kazi wakanitazama.

"Maxay raadinaysaa?" aliuliza mmoja. Anatafuta nini huyu?

"Hatafuti, anaficha," akajibu mwingine kwa Kisomali kilekile, bila kushusha sauti, akiamini sielewi. "Watu wa mtoni wana dawa zao."

Nilisikia kila neno, nikaendelea kutambaa. Mahali palipofaa palikuwa kwenye kona, karibu na pazia la kuelekea jikoni. Tukaliweka hapo, na Sahra akatandika takia lake pembeni, simu yake imechomekwa kwenye redio.

Alasiri ile ngoma ilisikika kifuani. Wanawake wazee waliokuwa wameketi waliinuka. Eedo Kaha alighani mpaka jasho likamtoka, na aliponitazama niliona kwa mara ya kwanza kwamba ananiona. Kisha mtumishi mmoja wa jikoni, aliyeketi karibu na kona, akapiga ukelele. Chini ya koni, sanduku lilikuwa na tundu la duara, upana wa ngumi, lenye mdomo wa plastiki unaong'aa. Ni njia ya hewa, kila mwenye sabufa anaijua. Juu ya tundu palikuwa na taa ndogo nyekundu. "Linatuangalia!" alisema yule mwanamke. Hijabu zilinyakuliwa kutoka kila pembe. Kwa muda wa kumeza mate chumba kizima kilikuwa kimejifunika.

"Wewe msichana ya Masalani," alisema Eedo Kaha. "Hii sanduku iko na jicho. Jicho yake inaona nini?"

"Haioni, Eedo. Ni tundu la hewa. Sanduku linapumua."

"Inabumua?" Aliwageukia wenzake. "Na kitu inabumua, hiyo haioni?"

Nilitia mkono kwenye tundu mpaka kifundo. Wakamulika kwa tochi. Wengine waliridhika, wengine wakasema kamera za siku hizi ni ndogo kama punje ya mtama. Ndipo nilipofanya jambo nililoliona la busara: nilichukua shali ya Sahra, ile ya maua mekundu, nikalifunika sanduku lote, mikunjo ikaning'inia mpaka chini. Jicho limefunikwa, yameisha. Wakacheka, wakavua tena hijabu, na ngoma ikaendelea.

Ikawa desturi. Kila sherehe mlangoni palikuwa na beseni la bluu, na Sahra alisimama hapo kukusanya simu. Kila anayeingia alitia yake ndani, awe bibi harusi au nyanya wa bibi harusi. Simu moja tu ndiyo iliyobaki chumbani, ya Sahra, kwa sababu ndimo ngoma ilimokuwa. Hilo lilikuwa wazi kwa kila mtu, na miezi sita hakuna aliyelisema. Walisema mengine. Wakiniona nikipita, walinyamaza ghafla au wakahamia Kisomali. Nilisikia kwamba ninatumwa na mtu, kwamba fundi mwanamke asiyeolewa ana lake jambo, kwamba shali ile inafunika nini kama hakuna cha kufunika. Na mimi nikajifunza kwao. Nilianza kuchungulia nani amekaa wapi, nani ametoka na kurudi, nani amenong'ona. Shaka ni kama chawa, ukikaa karibu na mwenye nayo utaanza kujikuna.

Hodan alikuwa binti wa kaka yake Eedo Kaha. Alikuwa na miaka kumi na tisa, amemaliza shule, na ameposwa na mfanyabiashara wa ng'ombe ambaye alikuwa amemwona mara moja. Alipenda kutusaidia kubeba waya na kuuliza maswali: hii inafanya nini, hii ikikatika itakuwaje. Kwenye harusi ya binamu yake alicheza kuliko wote. Siku tatu baadaye Eedo Kaha alituita nyumbani kwake. Hakutupa chai. Alinipa simu yake akaniambia nitazame.

Alikuwa Hodan, kichwa wazi, nywele zimeachiwa, mikono juu. Picha hiyo ilikuwa imetumwa kwa kaka wa mchumba wake kutoka kwa namba isiyojulikana. Familia ya mchumba ilitaka kujua ni nani aliyeipiga na imeonwa na wangapi, au posa irudi. Baba yake Hodan alikuwa amemfungia ndani.

"Bicha hii imetoka wabi?" aliuliza Eedo Kaha. Alikuwa ameilia tayari, macho yamevimba. "Sema ukweli. Sanduku yako."

Sikuwa na hofu ya sanduku, nililijua mpaka utumbo. Nilichokiona ni kingine. Picha ilipigwa kutoka chini, kimo cha goti, kutoka upande wa pazia la jikoni. Na ukingoni mwake, kushoto, palikuwa na ukungu mwekundu wa ua moja la shali. Aliyeipiga alikuwa kwenye kona yetu. Kwenye kona yetu alikaa Sahra, na Sahra ndiye aliyekuwa na simu. Nilimrudishia Eedo Kaha simu yake, nikamwomba siku mbili, nikasema nitalifungua sanduku mbele ya wanawake wote waone kwa macho yao. Sahra, pembeni yangu, hakusema chochote njia nzima ya kurudi, na kwa mtu mwenye ulimi kama wake, huo ukimya niliuhesabu kuwa ushahidi.

Siku mbili hizo nazikumbuka kwa chakula kilichobaki. Tulikaa sahani moja na anjera ikapoa. Nilitazama anavyoshika simu, anavyoigeuza uso chini. Nilimsikia nyuma ya pazia akizungumza na mtu kwa sauti ya chini: "Usijali. Hakuna atakayejua. Nyamaza tu." Alipotoka nikajifanya nasafisha bisibisi. "Nani huyo?" ningeweza kuuliza. Maneno mawili tu. Kuuliza si ujinga, tunaambiwa tangu utotoni, lakini mwenye shaka hapendi kuuliza, anaogopa kupewa jibu jema akakosa la kushikilia. Nilijiambia ninamwachia nafasi aseme mwenyewe. Nilijidanganya. Nilikuwa nimekwisha kumhukumu, na bado nilikula naye, nikamwambia alale salama.

Tulikusanyika sebuleni kwa Eedo Kaha baada ya sala ya alasiri, wanawake kumi na wawili, sanduku katikati ya mkeka. Skrubu zilikuwa nane. Nilizifungua moja moja, kila moja nikaiweka kwenye sahani ya kikombe ili waisikie ikilia. Nikaitoa koni, nikawaonyesha sumaku na koili. Nikatoa sufi ya kutuliza mlio, nikaitandaza. Nikatoa amplifaya, nikaeleza kila kifaa kwa Kiswahili chepesi. Eedo Kaha aliingiza mkono wake mwenyewe, akapapasa kuta zote, akatoka na vumbi la mbao kwenye hina ya vidole.

"Hakuna jicho," alisema. Nilijiona nimeshinda. Nakumbuka nilitabasamu.

Kisha mwanamke mmoja akasema polepole, "Basi kama si sanduku, ni simu. Na simu ndani ilikuwa ya nani?" Nyuso kumi na mbili zikageuka. Sahra aliitoa simu yake, akaiweka mkekani bila kuambiwa. Wakaipekua. Picha haikuwemo.

"Bicha inafutwa," alisema mwingine. "Fundi, inafutwa ama haifutwi?"

"Inafutwa," nilisema. Ilikuwa kweli.

Sahra hakuwatazama hao. Alinitazama mimi, akaniuliza kwa Kiswahili, ile lugha yetu ya chumbani, kana kwamba wengine hawapo: "Habiba, wewe unaamini nimefanya hivi?"

Ningeweza kumjibu kwa lugha aliyoniulizia. Lakini nilijua wanawake wale wanasikiliza, na kwamba jibu langu litanipandisha au litanizamisha pamoja naye. Nikamjibu kwa Kisomali, kwa sauti ya kusikika na wote. "Ma ogi," nilisema. Sijui.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusema Kisomali mbele yao, na nilikitamka vizuri. "Way taqaan!" alishangaa mmoja, kumbe anakijua, na baadhi wakacheka kwa furaha ya kweli. Mtu akanimiminia chai. Niliipokea. Nilikuwa ninainywa wakati Sahra alipoinuka, akavaa viatu vyake mlangoni na kutoka. Ninaona aibu kuandika kwamba chai ile ilikuwa tamu.

Niliporudi chumbani hakuwepo. Alikuwa amepata lori la kwenda kwao Diff, ambako kaka yake alikuwa na duka. Redio aliiacha. Pazia la katikati alikuwa amelifungua na kulifunga pembeni kwa uzi, na kitanda changu, nilichokiacha ovyo asubuhi, alikuwa amekitandika. Posa ya Hodan ilirudi. Mtaa ulimhurumia kama binti aliyedhulumiwa, na aliyemdhulumu alikuwa na jina na hakuwepo kujitetea. Mimi niliendelea kuitwa kwenye sherehe. Waliniita abaayo, dada, waliacha kunyamaza nikipita, na nilikuwa nikiwachukia kidogo kwa hilo. Baada ya sherehe kama kumi hivi nilisema mgongo unaniuma, nikafungua kibanda cha kutengeneza simu. Mwaka uliofuata Hodan alikwenda chuo cha uuguzi. Kila nilipotaka kumpigia Sahra nilijiuliza, na kama kweli ni yeye? Shaka ilinifaa sana. Ilinizuia kuomba msamaha kwa miaka kumi na saba.

Sasa narudi matangani. Hodan, ambaye ni muuguzi mwenye watoto watatu na miwani, alinikuta jikoni nikisaidia kupanga sinia za mchele na ndizi. Alifunga mlango kwa mgongo wake.

"Eedo amekwenda, Mungu amrehemu, na baba alitangulia," alisema. "Sasa naweza kusema. Ile picha niliipiga mwenyewe."

Nilidhani nimesikia vibaya. Akanieleza haraka, akitazama sinia. Alikuwa ameazima simu ya rafiki wa shule, yenye uwezo wa kupiga picha yenyewe baada ya sekunde kumi. Aliiingiza ndani ya nguo, akaiegemeza juu ya sabufa, kwenye mikunjo ya shali, akaenda kucheza mbele yake, kisha akaituma mwenyewe kwa kaka wa mchumba. Alitaka posa ivunjike na hakuwa na njia nyingine. Kama angekataa kwa mdomo angepigwa na kuolewa vilevile. Kama wangejua ni yeye, asingetoka ndani ya nyumba ile akiwa mzima. Nikawaza wale wanawake na jicho lao. Walilitafuta ndani ya sanduku, nami nikawacheka, na muda wote lilikuwa juu yake, kwenye mikunjo ya shali niliyolifunikia kwa mkono wangu.

"Sahra aliniona nikiiweka," alisema Hodan.

"Akafanya nini?"

"Aliongeza sauti." Alivua miwani akaifuta. "Halafu kila siku nilimpigia kwa simu hiyohiyo nikilia, nikitaka kukiri ili wamwache. Alisema, usijali, nyamaza tu. Alisema watu wote wakimgeuka, yuko rafiki yake mmoja anayemjua."

Niliweka sinia chini nikaenda kumtafuta Sahra.

Sahra alikuwa ameketi karibu na dirisha, mnene kuliko zamani, hina kwenye nywele zilizochungulia chini ya shungi. Niliketi mbele yake kwenye mkeka. Nilimpa mkono wa pole, naye akaupokea, kama ilivyo ada.

"Hodan ameniambia," nilisema.

"Najua. Aliniomba ruhusa kwanza."

"Nilikukosea, Sahra. Nilikukosea vibaya." Nikasogea karibu. "Kwa nini hukuniambia? Tulikuwa tunakula sahani moja."

"Ningekuambia siku ileile," alisema bila hasira, na hilo liliniuma zaidi. "Nilikuwa nangoja uniulize. Ulifungua skrubu nane, Habiba, ukachungulia kila pembe ya lile sanduku. Mimi hukuniuliza hata mara moja."

Karibu nasi wasichana walikuwa wakicheka juu ya simu yao, mama mmoja akawaambia wanyamaze, Qurani inasomwa. Nilitaka kujitetea. Yalikuwepo ya kusema: ukungu wa shali, ile pembe ya chini, maneno ya nyuma ya pazia. Yote yalikuwa sahihi, na yote yalikuwa upuuzi. Nikamshika mkono tena, safari hii si kwa ada.

"Sahra," nilisema kwa Kiswahili, "ni wewe uliyempiga Hodan picha?"

Alinitazama kuona kama namfanyia mzaha.

"Hapana, Habiba," alisema, kama mtu anayejibu swali la jana. "Si mimi." Kisha akalia.